Kozi za Lazima na Magunia ya Dagaa

Mtoto wa kaka yangu alishuka kwenye treni ya Kigoma alfajiri, akaja moja kwa moja nyumbani kwangu hapa Tabora, akaniamkia, akaweka begi lake chini ya mwembe, na kabla chai haijachemka alikuwa amekwisha kunikabidhi karatasi mbili alizozichapisha katika stesheneri moja ya Ujiji. Amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, matokeo yake yanamruhusu kuchagua, na mwalimu wake mmoja amemshawishi aombe nafasi na msaada wa masomo katika vyuo vikuu vya Kikatoliki vya Marekani, sambamba na vya hapa nyumbani. Karatasi hizo zilikuwa na orodha ya kozi za lazima za Boston College, chuo kilichoanzishwa na Wajesuti mwaka 1863, na orodha hiyo ilikuwa imemchefua.

"Shangazi, mimi nataka kusoma kompyuta," alisema. "Hawa watu wanataka nisome theolojia mbili, falsafa mbili na historia mbili. Sasa hiyo kompyuta nitaisoma saa ngapi? Na baba naye anauliza, falsafa nitaila?"

Kaka yangu hutengeneza injini za maboti pale Kibirizi, Kigoma, na hajawahi kulipia kitu asichoweza kukishika mkononi, kwa hiyo swali lake halikunishangaza. Nilichokishangaa ni kwamba niliulizwa mimi, mwalimu wa hisabati, Mwislamu wa Ujiji, ambaye mwenyewe niliwahi kuandikiwa kozi za namna hiyo katika chuo kikuu kimoja cha Kikatoliki hapa nchini na nikatia saini fomu huku nimenuna. Nilimwambia nitamjibu kwa maandishi, maana kwa mdomo tungeishia kubishana, na haya ndiyo majibu yenyewe, kwa ajili yake na kwa wengine watakaokutana na orodha ya aina hiyo.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu. Orodha ya Boston College ina kozi 15: theolojia 2, falsafa 2, historia 2, sayansi asilia 2, sayansi za jamii 2, kisha moja moja ya fasihi, sanaa, hisabati, uandishi na utofauti wa tamaduni. Shahada ya huko huchukua miaka 4 na huhitaji krediti 120, yaani kozi kama 40 hivi, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya masomo yote ni ya orodha hiyo, fani yoyote ambayo mwanafunzi aliifuata. Wala si Wajesuti peke yao wenye desturi hiyo. Chuo Kikuu cha Notre Dame, kilichoanzishwa mwaka 1842 na padre wa shirika la Msalaba Mtakatifu, nacho humdai kila mwanafunzi theolojia na falsafa, awe anasoma uhasibu au uhandisi. Anayeomba nafasi katika vyuo hivi na ajue mapema kwamba ndiyo taratibu za nyumba, na kwamba mgeni hapangi chakula cha jioni.

Jina la elimu hiyo, kwa Kiingereza liberal arts, lina historia inayotugusa sisi watu wa Ujiji na Tabora zaidi ya wanavyojua waliolitunga. Warumi waliziita fani za mtu huru, wakiwa na maana ya mtu asiye mtumwa, ambaye ana nafasi ya kujifunza kitu kisicho cha kumpatia ujira wa siku hiyo. Katika Ulaya ya zama za kati zikahesabiwa 7: sarufi, mantiki na balagha, halafu hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Siku hizi wapo wanaosema "sanaa huria", lakini kwetu neno huria limekwisha kuchukuliwa na chuo kikuu kinachofundisha kwa masafa, na msikilizaji hudhani unazungumzia hicho. Mimi ningesema fani za kiungwana. Muungwana, kabla hajawa mtu mwenye adabu zake, alikuwa mtu asiye mtumwa, na katika misafara iliyopita Tabora kwenda Ujiji katika karne ya 19 neno hilo lilitenganisha waliotembea wakiwa na ujira na waliotembea wakiwa wamefungwa. Wengi wa wazee wetu wa Ujiji waliotoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hawakuvuka ziwa kwa hiari. Kwa hiyo kitukuu wao anapoandikiwa elimu ya waungwana, akailalamikia kwamba haimpi kazi, mimi hucheka kidogo, kisha huacha kucheka, kwa sababu njaa nayo ni bwana.

Kuhusu falsafa, sababu ya Kanisa Katoliki kuing'ang'ania ni ya ndani kabisa. Anayetaka kuwa padre hutakiwa na sheria ya Kanisa asome falsafa miaka 2 kamili pamoja na theolojia miaka 4. Vijana wa seminari kuu ya Kipalapala, hapa nje kidogo ya mji wetu, hawafiki kwenye theolojia kabla ya kupitia huko. Imani yao inadai kwamba akili ikitumiwa vizuri haitagombana na ufunuo, na kwa hiyo akili lazima ifundishwe kutumiwa vizuri. Mwaka 1879 Papa Leo wa 13 alitoa waraka wa kurudisha mafundisho ya Thomas wa Aquino katika shule za Kikatoliki, na tangu hapo vyuo vingi vya Kanisa vikaijenga mitaala yao juu ya mwanafalsafa huyo wa karne ya 13. Mwaka huohuo, mwezi Januari, Mapadre Weupe wa kwanza, yaani Wamisionari wa Afrika, waliingia Ujiji kwa miguu kutoka pwani. Sidai kwamba mambo hayo mawili yalipangwa pamoja. Nasema tu kwamba kilichoanza Roma na kilichoanza Ujiji mwaka ule vilikuja kukutana miaka mingi baadaye katika fomu yangu ya usajili.

Fomu hiyo ilikuwa na stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo, ambayo nayapita, kwa sababu vyuo vingi nchini vinayo, viwe vya Kanisa au vya serikali, na sikumbuki nilichojifunza humo zaidi ya namna ya kupanga orodha ya marejeo. Zilizobaki zilikuwa tatu: mantiki, utangulizi wa theolojia, na maadili.

Katika mantiki nilipata sapu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani. Naiandika aibu hii kwa makusudi, maana nilikuwa nasoma hisabati na nilidhani mtu aliyemaliza hesabu za juu hawezi kusumbuliwa na sentensi tatu. Nilisumbuliwa. Mtihani ulitoa hoja hii: mvua ikinyesha uwanja hulowa, uwanja umelowa, kwa hiyo mvua imenyesha. Niliandika kwamba hoja ni sahihi, nikapiga na mstari chini. Leo huiandika ubaoni kila mwaka mbele ya kidato cha tatu, na kila mwaka zaidi ya nusu ya darasa hutumbukia nilipotumbukia mimi, mpaka anyanyuke mmoja, mara nyingi wa dawati la nyuma, aseme, "Mwalimu, labda bomba limepasuka." Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora mfano huo umekuwa mwepesi sana. Kutoka hapo naweza kuwafundisha tofauti ya nadharia na ile inayopatikana ukiigeuza, hitimisho likawa sharti, katika jiometri, na wanaielewa, kwa sababu wameiona ikiwa na matope. Kozi niliyoinunia ndiyo ninayoitumia darasani kuliko nyingine yoyote niliyosoma, ukiacha kalkulasi.

Theolojia ni habari nyingine. Tulikuwa mamia katika ukumbi mmoja, mhadhiri akitumia kipaza sauti kilichokatika kila akigeuza kichwa, na tukiwa na kile wanafunzi wanachokiita madesa, yaani kijitabu cha maelezo kilichonakiliwa mwaka hadi mwaka mpaka baadhi ya kurasa zikawa hazisomeki. Mtihani ulikuwa wa kuchagua herufi. Nilipata alama nzuri kuliko Wakatoliki wengi niliokaa nao, kwa kuwa nilizoea kukariri tangu chuo cha Qurani, na sikujua chochote zaidi ya nilichokariri. Lazima niseme kwa haki kwamba hakuna aliyewahi kuniambia nihudhurie misa au nivue hijabu. Katiba ya kitume juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, iliyotolewa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 15 Agosti 1990, inaagiza kwamba uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe kikamilifu. Inaagiza pia kwamba mafunzo ya kila taaluma yawe na malezi ya maadili yanayoihusu taaluma hiyo, ilhali kozi za mafundisho ya Kikatoliki ziwepo kwa wanafunzi wote. Ukisoma kwa makini utaona tofauti: maadili ni sharti la programu, mafundisho ya imani ni kitu ambacho chuo kinatakiwa kukiweka mezani. Chuo kinachofanya yote kuwa ya lazima kimechagua chenyewe kwenda mbele zaidi, na kina haki hiyo, ila kikishachagua hivyo kinawajibika kufundisha sawasawa. Ukinilazimisha kuja kula kwako, usinipe kiporo.

Nafika sasa kwenye maadili, na hapa nitakaa.

Tulikuwa 22. Sababu ilikuwa ya bahati tu: kundi letu lilikosa ukumbi mkubwa, likapewa chumba kilichowahi kuwa stoo ya viti, na mwalimu wake, padre mmoja mzee mwenye sauti ndogo, hakuhitaji kipaza sauti. Siku moja alitusomea kisa ambacho Thomas wa Aquino anakijadili anapozungumzia kuuza na kununua. Mtu amefika na ngano mahali ambapo ngano imeadimika na bei imepanda. Yeye anajua, na wanunuzi hawajui, kwamba nyuma yake wanakuja wengine wengi na ngano yao. Je, analazimika kuwaambia? Tulinyamaza, kwa sababu ngano hatuijui ila ikiwa chapati, na kwa sababu tulitakiwa tujibu kwa Kiingereza. Padre alitutazama, akafunga kitabu, akasema, "Leo tuseme Kiswahili. Mtu ameshuka Tabora na magunia 10 ya dagaa wa Kigoma. Soko halina dagaa. Anajua kwamba kesho linafika behewa zima."

Chumba kililipuka. Kijana mmoja wa Nzega alisema mfanyabiashara hajadanganya mtu yeyote, dagaa ni dagaa, na bei ameikuta sokoni wala hakuipandisha yeye. Binti wa Songea akamjibu kwamba kunyamaza nako kuna ulimi wake. Mwingine akauliza kwa nini muuzaji awe ofisi ya habari ya soko bila malipo. Mimi, ambaye mama yangu aliuza dagaa Kibirizi kwa zaidi ya miaka 20, niliona wote wanazungumzia nyumba yetu bila hodi, nikanyoosha mkono. Nilieleza kwamba Mtume, sala na amani zimfikie, aliwakataza watu wa mjini kutoka kwenda kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenye mali hawajafika sokoni wakajua bei. Padre alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Vizuri. Lakini katika katazo hilo asiyejua ni muuzaji. Kwangu mimi asiyejua ni mnunuzi. Je, ni kosa lile lile?" Sijawahi kuulizwa swali zuri zaidi ya hilo juu ya dini yangu, na aliyeniuliza alikuwa amevaa kanzu ya padre.

Alitueleza baadaye jibu la Aquino mwenyewe, na lilituudhi wote: muuzaji akiuza kwa bei aliyoikuta, hatendi kinyume cha haki, akiwaambia, au akishusha bei, anaonyesha wema mkubwa zaidi. Binti wa Songea alisema hicho ni kichaka cha kujifichia. Hapo padre akaandika ubaoni neno moja, HAKI, akauliza, "Haki ya nani?" Kwa Kiingereza kuna maneno mawili, moja la haki ambayo mtu anaidai na jingine la haki inayotendeka baina ya watu, Kiswahili kimeyafunga yote katika fundo moja, na sisi tulikuwa tumebishana saa nzima, huyu akishika ncha moja ya fundo na yule nyingine. Tulipolifungua, nusu ya ugomvi ulikwisha na nusu nyingine ikawa wazi zaidi. Naamini hadi leo kwamba jambo hilo lisingeonekana kama tungeendelea kwa Kiingereza, na huwa nasikitika ninapofikiri ni vyumba vingapi vya falsafa nchini mwetu ambamo watu hunyamaza kwa sababu ya ngano.

Katika chumba hichohicho ndimo nilimogundua kwamba Aquino alikuwa akiwanukuu wanafalsafa wa Kiislamu: Ibn Sina kwa jina, na Ibn Rushd akimwita Mfafanuzi tu, bila jina, kwa kuwa kila msomaji alijua ni mfafanuzi gani wa Aristotle anayetajwa. Maneno falsafa na mantiki yenyewe yalitufikia kupitia Kiarabu. Nilikuwa nimekaa muhula mzima nikidhani niko ugenini, kumbe baadhi ya samani nilizozikuta humo zilitoka kwetu.

Hivyo, mwanangu, usiniulize kama kozi za lazima zina faida. Niulize ni chumba gani. Kozi moja ya watu 22, yenye insha inayosomwa na mtu na kurudishwa ikiwa na maandishi pembeni, ilinifanyia kazi ambayo kozi ya mamia ya watu isingeweza kuifanya hata ingekuwa lazima mara kumi. Ukiandikia vyuo hivyo, waulize mambo mawili ambayo karatasi yako haiyataji: darasa la falsafa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wangapi, na insha inasahihishwa na nani. Wakijibu kwa kukutumia picha za kanisa na viwanja, umejibiwa.

Wapo wenzangu wa chumba cha walimu wanaotaka vyuo vyetu viige kozi 15 kama zilivyo. Mimi sikubaliani nao. Shahada nyingi hapa ni za miaka 3, ada inalipwa na mtu kama kaka yangu au na Bodi ya Mikopo, na kuongeza kozi katika kumbi zilizokwisha kujaa ni kuongeza madesa. Lakini sikubaliani pia na wanaotaka zifutwe, kwa sababu sisi tunamfinya kijana mapema mno. Akifika kidato cha tano anachagua mchepuo, na kwa miaka mingi mtoto wa PCM aliweza kuanzia hapo asiguse historia wala fasihi tena maishani mwake, akaachiwa somo la General Studies libebe ulimwengu wote uliobaki. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora School na baadaye kufundisha St. Mary's hapahapa mjini, alikwenda Edinburgh mwaka 1949 na kurudi mwaka 1952 na shahada ya mchanganyiko: uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia, Kiingereza, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Hakuna mchepuo wetu wa leo ambao ungemruhusu mtu kukusanya vitu hivyo katika begi moja. Mbili zingetosha, mantiki na maadili, katika vyumba vidogo, zikijadiliwa kwa Kiswahili hata kama insha zitaandikwa kwa Kiingereza. Na walimu wa ziada wa kufundisha vyumba vidogo walipwe, jambo ambalo ndilo gumu kuliko falsafa yote.

Insha yangu ya mwisho katika kozi ile ilihusu magunia yale 10. Usiku kabla ya kuiandika nilimpigia mama simu Ujiji, nikamweleza kisa chote, nikamwuliza yeye angefanyaje. Alifikiri kidogo, nikasikia anamwambia mtu apunguze redio, kisha akasema, "Ningewaambia, mwanangu. Lakini nikishauza nusu." Niliyatafsiri maneno hayo kwa Kiingereza kilichonyooka kadiri nilivyoweza, nikayaweka katika aya ya mwisho, nikajenga hoja kwamba yanakaa katikati ya haki na wema. Padre alinipa 14 kati ya 20. Pembeni ya aya hiyo alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, maneno mawili tu: "Nusu ipi?"

Haya ya mwisho sikungoja kuyaandika. Nilimsimulia kijana jioni ileile, tukiwa tumekaa palepale chini ya mwembe. Alicheka sana kusikia jibu la bibi yake. Kisha akanyamaza, akaigeuza karatasi ya Boston upande usio na maandishi, akaniomba kalamu, na akaanza kuyagawa magunia.